Tanzia Haiulizwi

Tangu mwaka uliofuata uhuru hadi waya ulipokatwa nilikaa kwenye mtambo wa simu wa Rumonge, na kama kuna jambo lililonichosha katika kazi ile ni kelele. Mnunuzi wa mafuta ya mawese akishika simu alipaza sauti kana kwamba nguvu ya mapafu yake ndiyo itakayofika Bujumbura, na waya upo pale kwa heshima tu. Nilimwambia aseme taratibu. Alinitazama kama mtoto asiyeijua dunia, akaendelea. Waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu walisikia mambo yake yote, bei ya pipa na tumbo la mkewe, wakatoka na habari hadi sokoni.

Kazi niliipata kwa ajili ya Asmani, yaya wangu. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa upande wetu wa ziwa, awe mwanamume au mwanamke. Baba yetu alikuja kutoka Ujiji akafia hapa, akatuacha na mama yetu Mwamini, mwenyeji wa Gatete, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Asmani alikuwa mpanda nguzo. Waya wa simu ulifuata barabara ya ufukweni, kutoka kwetu kupita Minago na Kabezi hadi mjini, na nyani, upepo na wezi wa shaba walipouharibu, ni yeye aliyepanda kuuunga. Uhuru ulipokuja Wabelgiji waliomsimamia walifungasha wakaondoka. Usumbura ikawa Bujumbura, bendera ikabadilika, na Asmani akapanda baiskeli kesho yake asubuhi kwenda kukagua nguzo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiende.

Siku yangu ya kwanza mtamboni alikuja kunifundisha. Alikuwa mwalimu mbaya, anacheka mwenyewe kabla hujaelewa, lakini siku ile alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema simu si kitu kimoja, ni tabaka juu ya tabaka.

“Chini kabisa iko waya. Waya ikikatika, hakuna kitu. Juu yake iko kengele, inajua kuita tu, haijui inaita nani. Juu ya kengele iko weye. Weye unajua Kabezi inataka Minago, unachomeka kamba, basi. Juu yako iko watu wawili wanaongea. Na juu yao sasa iko maneno yenyewe.”

Nikamwuliza ni tabaka gani linalohakikisha kwamba maneno ni ya kweli.

“Hakuna,” akasema. “Mimi naeza kukuambia waya iko muzima. Siwezi kukuambia mutu anasema kweli. Kila mumoja na kazi yake.”

Nilimwambia huo ni mpango wa watu wavivu. Akacheka, akaniambia hata mbeba maji hajui kama mtungi una maji ya kunywa au ya kufulia, na mji haujafa kwa kiu. Mwenye kunywa ndiye anayeonja.

Basi nikajifunza kuonja. Waya ule ulimfanya kila mtu asikike kama ana mafua, na wapo walioutumia. Mtu alipiga akisema yeye ni fulani mwenye cheo, nimuunganishe mara moja na fulani. Kama ninamjua huyo fulani, nilimwuliza habari ya kitu ambacho jirani yake tu angekijua: ukuta wake umeisha, yule mbwa mwenye jicho moja bado anauma watu? Mwenye cheo wa kweli alikasirika akajibu. Wa uongo alikasirika bila kujibu. Siwezi kusema walinipenda, lakini kwenye mtambo wangu hapakupita mjanja.

Kitu kimoja tu sikukionja kamwe, nacho ni tanzia.

Katika pwani yetu habari ya msiba ina njia yake. Anayeibeba hapangi foleni. Sokoni wanampisha, na wavuvi wanaovuta wavu wanashusha kamba mtumbwi wake upite. Haulizwi jina lake wala amejuaje, kwa sababu kumwuliza ni kama kumwambia aupige moyo wako mara ya pili, tena muda wenyewe haupo: sisi Waislamu maiti hatulazi, na ukisimama kuhoji, watu wamesharudi kutoka makaburini. Unaitikia, unavaa, unatoka. Mtoto wa kwetu hajifunzi hilo kwa kuambiwa. Hata mtamboni, sauti ikisema innaa lillahi, nilichomoa kamba ya yeyote aliyekuwa akizungumza na kuipitisha. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mmoja, mara moja.

Huyo alikuwa Sylvestre, yule yule mnunuzi wa mawese mwenye kelele. Nilimkata katikati ya bei akaja juu. Nikamweleza desturi. Hakuwa mtu wetu, alikuwa mtu wa kanisani kutoka milimani, lakini alisikiliza hadi mwisho, akasema ni desturi nzuri, watu wa kwao wangefaa kuiga. Tangu siku ile tanzia ikiita naye yupo benchini, alivua kofia, na baada ya muda akawa anaitikia maneno yote ya Kiarabu bila kukosea. Mama alisimuliwa akamwombea dua. Mimi nilimpenda kwa hilo, nasema kweli. Niliacha hata kumkemea kelele zake.

Miaka ikaenda hivyo hadi mwaka wa sabini na mbili. Mwisho wa Aprili walikuja watu wenye mapanga wakaua watu Rumonge na vijiji vya jirani. Baada yao wakaja wenye magari na bunduki, nao wakaua wengi kuliko wale, na hawakumaliza upesi. Ndivyo ilivyokuwa, na kila nyumba inaweza kukuongezea majina. Waya ulikatwa siku ya kwanza. Wenye magari wakauliza swali ambalo hata mjinga angeuliza: nani hapa anajua kupanda nguzo? Mji mzima ulijua jibu. Kwamba Asmani siku hiyo alikuwa kitandani na homa, mkewe Chausiku akimkanda maji, halikuwa jibu la swali walilouliza.

Akavuka. Feruzi, mvuvi wa Gatete, rafiki yake tangu chuoni walikokariri Kurani pamoja, ndiye aliyemvusha yeye na Chausiku hadi Ubwari, ile rasi ya Kongo tunayoiona ng'ambo siku ziwa likiwa safi. Kabla ya kuingia mtumbwini, Asmani alituweka mimi na mama kando. Homa ilikuwa imemkausha midomo. Alisema waya umekufa lakini tabaka za juu zipo, tumebadilisha njia tu, sasa njia ni ziwa. Na njia ya ziwa ni mbaya zaidi, maana salamu itapita katika vinywa vya watu. Kwa hiyo tusiamini salamu yoyote kwa sababu ya aliyeileta, hata akiwa Feruzi. Feruzi ni waya, akasema, na Feruzi akiwa amesimama hapo hapo alikubali kwa kichwa.

“Mutu akisema ametoka kwangu, mumuulize mbuzi ya harusi yangu ilikuwa rangi gani. Na mimi akisema ametoka kwenu, nitamuuliza vile vile.”

Mama alicheka, na ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu. Mbuzi yule alikuwa aibu ya nyumba yetu. Alinunuliwa, akafungwa uani, asubuhi ya harusi akakata kamba akapotelea mashambani, na wageni wakala samaki, migebuka wa kukaanga, huku bibi harusi ameinamisha uso. Tulificha jambo hilo kwa waalikwa kwa kusema migebuka ndio aliowataka bwana harusi. Waliojua ni sisi wa nyumbani tu. Mgeni akiulizwa rangi ya mbuzi angetaja rangi, kama binadamu yeyote mwenye akili. Mtu wetu, tuliyemnong'oneza kabla ya kumtuma, angesema hapakuliwa mbuzi.

Kufuli lile lilifanya kazi. Kabla ya kiangazi kushika, alikuja mtu mpole mwenye kanzu safi, akasema ametumwa na Asmani aulize ni wavuvi gani wanaotuletea habari zake, ili awape ahsante. Mama alimkaribisha maji. Kisha akamwuliza habari ya mbuzi. Mtu yule alisema atakwenda kuuliza, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa na uso wa mtu aliyefaulu mtihani.

“Mweupe,” akasema, “mwenye doa mguuni.”

Mama akamwambia ahsante, murakoze, akafunga mlango. Nilimsikia nyuma ya mlango akipumua kama aliyepanda mlima. Mimi nilifurahi, na nikapeleka habari Ubwari kwa njia ya Feruzi, pamoja na hilo doa la mguuni. Feruzi alituambia Asmani alicheka hadi akakohoa. Tukajiona tumeshinda. Tulikuwa tumefunga mlango wa mbele kwa chuma, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba nyumba yetu ina mlango mwingine, ulio wazi tangu mababu, na kwamba kuufunga huo kungekuwa haramu machoni petu.

Mwezi wa nane, asubuhi, nilikuwa uani naanika mihogo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharagwe. Nikasikia vilio vinatoka upande wa ziwani, vilio vya wanawake wanaokaribia nyumba ya matanga, na nikajiuliza ni nani amefiwa mtaani bila sisi kujua. Vilio vikaja hadi mlangoni petu. Wakaingia wanawake wa Ubwari, vichwa vimefunikwa, mmoja na kikapu cha unga wa muhogo, mwingine na chupa ya mawese, na mbele yao Chausiku, khanga amejifunga kiunoni, uso umevimba kwa kulia.

Chausiku alimwona mama yuko mkekani na sufuria la maharagwe mapajani.

Yule mwenye chupa aliiweka chini polepole. Mmoja nyuma alianza kucheka, cheko la woga, kisha akajiziba mdomo. Mimi sikuelewa, nilidhani wamekosea nyumba. Mama alielewa kabla yangu. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akitafuta uso ambao haukuwemo.

“Nimekufa mimi?” akauliza.

Chausiku akakaa chini pale pale penye mihogo. Tulimtoa maneno kidogo kidogo. Jana yake alfajiri Feruzi alikuwa amefika Ubwari analia. Alisema Mwamini amefariki ghafla kwa dada yake Minago, alikokwenda kumsalimu, na atazikwa huko huko alasiri; wakitoka sasa hivi, Asmani atawahi kutia mkono wa udongo. Asmani aliitikia. Akauliza jambo moja tu, kama mama ameshaoshwa. Kisha akavaa kanzu akaingia mtumbwini. Wanawake walikaa kutafuta unga na chombo, na kwa kuwa nyumba ya marehemu ni Rumonge, wakaja Rumonge.

Nikamshika Chausiku bega. Nilikuwa na hasira naye, hasira mbaya isiyo na haki, na sikuificha. Nikamwuliza kwa nini hawakuuliza habari ya mbuzi. Walikuwa wamemwuliza kila aliyewaletea hata salamu ya kawaida, hata aliyeleta samaki.

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

“Nani anauliza mbuzi mbele ya maiti?” akasema.

Nami nisingeuliza. Nilichukua baiskeli ya Asmani.

Barabara ya Minago naijua nguzo kwa nguzo, na nguzo zilikuwa bado zimesimama bila waya. Kwenye kizuizi walinisimamisha. Nikawaambia nakwenda msibani, wakanipisha. Nilikuwa nimeshapita ndipo nikatambua nilichokisema, na jinsi kilivyofungua njia upesi.

Feruzi alikuwa amekaa ufukweni kando ya mtumbwi wake, juani, miguu majini. Alinijua kwa mbali na hakuinuka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na nilimwona amekuwa mdogo. Hakunitazama alipokuwa akisimulia. Sylvestre alimkuta Gatete, kofia mkononi, machozi yanamtoka, akamwambia kilichompata mama yetu huko Minago, ambako yeye Sylvestre alikuwa amepitia kununua mawese. Alianza kwa innaa lillahi, akaisema yote, akaisema vizuri. Feruzi hakumwuliza amejuaje. Aliitikia, akasukuma mtumbwi.

Walipofika Minago gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya michikichi, na Sylvestre alikuwa ndani ya gari. Asmani alishuka amevaa kanzu, akauliza makaburi ni upande gani. Hawakumpeleka mbali. Feruzi aliambiwa akae hapo hapo penye mtumbwi, akakaa, akasikia, na baadaye walipoondoka alikwenda akaona. Yeye na wazee wawili wa pale walimzika, haraka, bila sanda ya maana, karibu na kinu cha mawese. Tangu hapo alikuwa amekaa.

Nilimwuliza Sylvestre alipata nini. Feruzi hakujua. Nimefikiri tangu siku ile na sijapata zaidi ya hili: wenye magari walikuwa wakitafuta mpanda nguzo, na yeye alitaka aonekane mtu wa kuaminika. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wetu alikuwa benchini.

“Mutumbwi ilikuwa muzima, dada Biasha,” akasema Feruzi. “Ziwa ilikuwa tulivu. Nilimufikisha vizuri.”

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimekuja na matusi tele kinywani kwa ajili yake, na yote yakaniishia. Alikuwa amefanya kazi yake, kama waya, kama kengele, kama mimi miaka yote ile nikichomoa kamba za watu. Nilimsaidia kusukuma mtumbwi majini, kisha nikaenda pale penye kinu nikasoma Fatiha, nikarudi.

Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nimepitisha tanzia nyingi kuliko mtu yeyote wa Rumonge, na sikuwa nimewahi kuibeba moja kwa miguu yangu. Niligundua kwamba huwezi kuipanga. Baiskeli ilikwenda yenyewe. Nilimlilia Asmani barabarani kwa sauti, nikiwa peke yangu, na mtu aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara alisimama akavua kofia bila kuniuliza kitu.

Nilipofika, wanawake walikuwa bado uani. Hawakuondoka wala hawakujua wakae kwa ajili gani. Kikapu cha unga kilikuwa pale pale mlangoni. Mama alikuwa amesimama kizingitini, amejitanda khanga, ameniona tangu mwanzo wa mtaa. Niliangusha baiskeli. Nikasema innaa lillahi.

Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakupata kumhoji mtu aliyemletea msiba, hakuitikia. Aliinua mkono kunizuia, mimi binti yake, nisimalize.

“Mbuzi ilikuwa rangi gani?” akaniuliza.

Wanawake wote waliniangalia. Nilitamani nisiwe najua. Nilitamani niseme mweupe, mwenye doa mguuni, anifungie mlango.

“Hatukula mbuzi, mama,” nikasema. “Alikata kamba asubuhi. Tulikula migebuka.”

Alishusha mkono. Kisha akaitikia, maneno yote, polepole. Akainama akakiinua kile kikapu cha unga kilicholetwa kwa matanga yake, akampa Chausiku, akamwambia ateleke maji.